Mama Sumaku, mpiga picha za ubongo anayeogopa picha yake

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na mwanamke aliyevaa sare ya kijani anapekua mifuko yake mwenyewe. Anatoa funguo, sarafu mbili, kalamu na pini ya nywele aliyoisahau juu ya sikio. Anaviweka kwenye kisahani cha plastiki nje ya mlango mzito, halafu anajipapasa tena kuanzia mabegani mpaka magotini, kama mlinzi wa getini aliyemshuku mgeni.

"Miaka kumi na sita naingia humu, na kila siku najipekua," anasema. "Sumaku haina undugu. Haijali kama wewe ndiye unayeifuta vumbi."

Hapa hospitalini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wauguzi, walinzi, hata muuza vocha wa pale nje wanamwita Mama Sumaku. Ana miaka arobaini na miwili na watoto wawili, na kazi yake ni kuendesha mashine ya MRI, ile inayotumia sumaku kubwa kupiga picha za ndani ya mwili. Mashine ni moja tu. Kwa siku inapokea watu kumi na wanne, na anayeandikiwa kipimo leo bila dharura atasubiri wiki saba.

Orodha ya leo imebandikwa ukutani. Majina yako kumi na matatu. Nafasi ya saa sita mchana haina jina, ina namba tu: 19.

Namba 19 ni yeye.

"Nimeanza kuogopa tangu juzi," anasema, akiifuata namba hiyo kwa kidole. "Jana niliogopa mpaka nikafua nguo zilizokuwa safi."

Mgonjwa wa kwanza ni mzee mwenye maumivu ya mgongo. Anaitazama mashine, lile duara jeupe lenye tundu katikati, kisha anarudi nyuma hatua moja.

"Mwanangu, hapa mnaingiza watu au mikate?"

"Tunaingiza na tunatoa, babu. Hakuna aliyewahi kubaki humo."

Mzee anacheka kidogo, anakubali kulala. Anavishwa vizibo vya masikio na kupewa mpira mdogo wa kuminya. Mpira huo ndio kengele: ukiuminya, kazi inasimama. Kabla ya hapo ameulizwa swali ambalo kila anayeingia huulizwa, kama amekwenda haja ndogo. Picha ikikatizwa katikati kwa ajili ya msalani, mtu hulazwa upya, kichwa kikapangwa upya, na foleni ya nje ikanung'unika.

Mama Sumaku anakiri kwamba miaka yote hiyo, mtu akiminya mpira kwa sababu ya haja, yeye huvuta pumzi ndefu nyuma ya kioo na kusema, "Haya, huyu naye." Mwandishi wa makala haya aliwahi kulazwa kwenye mashine kama hii kwa ajili ya goti na akaminya mpira dakika ya nne, kwa hiyo hamcheki mtu. Lakini msomaji na aliweke akilini jambo hilo la msalani, maana ndilo lililokuja kumtesa mwenyewe.

Nyuma ya kioo ndiko kuna chumba cha kuongozea mashine: kompyuta mbili, kipaza sauti, viti viwili vilivyochanika. Hapa ndipo Mama Sumaku amewafundisha kazi wageni wote. Somo la kwanza ni la uso.

"Mgonjwa akitoka mle ndani, kitu cha kwanza anachotazama ni uso wako," anasema. "Ukiukunja, umemmaliza."

Somo la pili ni la sauti. Mwendesha mashine akiona kwenye kompyuta kitu asichokitegemea, huhitaji picha ya ziada ili daktari apate kuona vizuri. Hapo hubonyeza kipaza sauti na kusema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka: "Tulia hivyo hivyo, tunaongeza picha moja." Mgonjwa akiuliza kuna nini, jibu ni moja: "Hakuna kitu."

"Si uongo," anasema. Anafikiri kidogo. "Ni uongo. Lakini sisi si madaktari, haturuhusiwi kutoa majibu. Utamwambia nini mtu aliyelala kwenye tundu?"

Mwanafunzi aliyelishika somo hilo kuliko wote ni mwenzake wa zamu, mwanamume mpole mwenye miwani, ambaye wote wanamwita Shemeji. Siku yake ya kwanza kazini aliwaita wanawake wote shemeji, akidhani ndiyo njia ya kupendwa. Jina likageuka likamganda yeye.

Miaka mitatu iliyopita ulikuja mradi wa utafiti. Ulitaka kuwafuatilia watu walio mwanzoni kabisa mwa ugonjwa unaoitwa kwa kifupi MS, kwa kuwapiga picha za ubongo kila baada ya miezi sita, ili kuona unavyobadilika hata kabla mwenyewe hajahisi lolote. Walihitajika wagonjwa ishirini, na wazima ishirini wa umri uleule wa kulinganishwa nao. Mchana mmoja, mzima mmoja hakutokea. Mashine iko tupu, saa inakwenda.

"Nikasema, si nipo mimi?" anakumbuka Mama Sumaku. "Nimeshakula, nina dakika arobaini, sina hata mafua. Nilitaka kujaza idadi tu."

Akaandikwa mzima namba kumi na tisa. Shemeji akakaa kwenye kiti cha mwalimu wake. Mashine ikaanza kugonga, ile kelele ya fundi bati aliyekasirika, na yeye aliyeizoea akakaribia kusinzia. Baada ya dakika kumi na mbili ikanyamaza, na sauti ikamjia masikioni.

"Dada, tulia hivyo hivyo. Tunaongeza picha moja."

"Nilidhani ananitania. Nikamuuliza, kuna nini? Akasema, hakuna kitu, dada. Sauti ileile niliyomfundisha. Hakuna mtu duniani aliyejua maana ya maneno yale kunishinda mimi."

Shemeji anasikiliza simulizi hii huku akisafisha miwani ambayo ni safi. "Niliyasema nimefumba macho," anasema. "Nilishukuru Mungu alikuwa mle ndani, asingeniona."

Kwenye picha kulikuwa na madoa meupe matano, katikati ya ubongo. Wiki iliyofuata daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, ambaye ndiye kiongozi wa mradi, alimpima macho, miguu na maji ya uti wa mgongo. Akamuuliza mambo ya nyuma, na mambo ya nyuma yalikuwepo. Miaka miwili kabla ya hapo jicho la kushoto lilififia na kuuma kwa wiki tatu. Alisema ni vumbi. Miguu ilikufa ganzi mwezi mzima. Alisema ni viatu vya kazini. Mtu anayewapima wenzake kutwa hakujipima hata mara moja. Mganga hajigangi, walisema wauguzi, na wengine walilia walipokuwa wanasema.

Jina lake likahamishwa kutoka orodha ya wazima kwenda orodha ya wagonjwa. Namba ilibaki ileile.

Kwa mwenye MS, kinga ya mwili, iliyowekwa imlinde, humgeuka na kuushambulia utando unaofunika nyaya za fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Pale utando ulipoliwa, habari hazipiti vizuri: jicho linafifia, mkono unasahau kazi yake, kibofu kinaamrisha bila kungoja. Hauambukizi. Hakuna dawa ya kuuponya; zipo za kuupunguza kasi. Yeye hujidunga sindano mara tatu kwa wiki, na mradi ndio unaolipia, maana sindano za mwezi mmoja zingekula mishahara yake miwili.

Mume wake ni fundi wa majokofu, na aliuelewa ugonjwa huu haraka kuliko ndugu wote.

"Ni panya wanaotafuna waya," anasema, akiwa amechuchumaa nyuma ya friji la mteja kwenye kibanda chake cha kazi. "Friji linaletwa hapa, mota nzima, gesi ipo, lakini haligandishi. Unafungua nyuma, unakuta waya uko uchi. Tofauti ni kwamba huu naubadilisha." Anaikung'uta bisibisi kwenye goti. "Ule wa mke wangu siufikii."

Ndiye pia anayeiita mashine ya mkewe "friji lenu lile kubwa", kwa sababu sumaku yake hupozwa kwa baridi kali mchana na usiku. Zamani walilicheka sana hilo nyumbani. Siku hizi analisema taratibu, akiangalia kwanza kama mkewe atacheka.

Basi kila baada ya miezi sita Mama Sumaku huvua sare, huvaa gauni la wagonjwa na kulala kwenye kitanda anachokipangusa kila siku. Wanaofuatilia picha zake hutazama mambo mawili. La kwanza ni madoa: yako mangapi, kuna jipya, la zamani limekua? La pili ni ukubwa wa ubongo wenyewe.

"Madoa ni kama mashimo barabarani, unayaona," daktari anaeleza. "Lakini barabara yenyewe inaweza kuwa inaliwa kingo kidogo kidogo pasipo na shimo. Hilo jicho halilioni, ni mpaka kompyuta ilinganishe picha ya leo na ya nyuma."

Miezi sita iliyopita, baada ya picha yake ya sita, Mama Sumaku alifanya kosa ambalo dereva, mwalimu au mshonaji asingeweza kulifanya. Hakungoja daktari amwite. Kompyuta ya mradi iko chumba kilekile anachofanyia kazi, na majibu ya vipimo huingia humo. Alisubiri Shemeji aende kula, akatafuta mstari wa namba kumi na tisa.

Madoa yalikuwa matano, yaleyale. Akashusha pumzi. Halafu akaona tarakimu ya pili. Ubongo wake ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia moja ndani ya miezi sita, na kwa mtu mwenye afya wa umri wake upungufu wa mwaka mzima ni sehemu ndogo tu ya hiyo.

"Nilifunga kompyuta nikaenda kumlaza mgonjwa," anasema. "Nikamwambia, mama usiogope. Sauti ilitoka vizuri kabisa."

Alikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Alijaribu kujipima kwa kila kitu. Akisahau chumvi kwenye chakula, ni ubongo. Akilikosa jina la jirani, ni ubongo. Alinunua daftari la shule na kila asubuhi, kabla watoto hawajaamka, alijitungia hesabu ileile ambayo madaktari huwapa wagonjwa: mia moja toa saba, toa saba tena, mpaka ziishe. Mwisho wa daftari akaanza kuandika mambo mengine. Mahali vilipo vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nani apewe cherehani. Jinsi ya kuliwasha jiko lile bovu bila kuunguza vidole.

Siku ya tisa alilifungua daftari akakuta wino mwekundu. Binti yake wa miaka kumi na minne alikuwa ameliokota juu ya kabati, akadhani ni la mdogo wake, akasahihisha. Kurasa sita zilikuwa na alama za vema. Kwenye ya saba, pale palipoandikwa sitini na tano toa saba ni hamsini na saba, binti alikuwa amechora mkasi na kuandika: "58. Hivi nani humu ndani bado yuko darasa la pili?"

"Nilikaa sakafuni," anasema Mama Sumaku. "Si kwa sababu mtoto kaona. Kwa sababu kulikuwa na kosa."

Binti ndiye aliyemkuta pale. Alisoma kurasa za mwisho, zile za vyeti na jiko, akaenda kumwamsha baba yake.

Baba alisoma yote amesimama. "Mimi nasahau chumvi kila siku," akasema, "na kichwa changu hakijawahi kupigwa picha." Kisha akatoka nje kutafuta viatu. Asubuhi hiyohiyo walikuwa mlangoni kwa daktari.

Mama Sumaku alikiri kosa la kufungua faili, kosa lililomletea barua ya onyo ambayo bado anayo. Daktari hakugomba. Alimwangalia midomo, iliyokuwa imepasuka kwa ukavu, akauliza swali moja: "Siku ya picha ulikunywa maji saa ngapi?"

Hakuwa amekunywa. Tangu saa nane mchana wa siku iliyotangulia hakuwa ametia hata tone mdomoni. Kibofu chake tangu augue hakina subira, na yeye alikuwa amekwishaapa kwamba hatakuwa mtu wa kuminya ule mpira.

"Niliona aibu mbele ya mashine yangu mwenyewe," anasema. "Wote wale niliowavutia pumzi, halafu na mimi niwe mmoja wao? Bora kiu."

Daktari akamweleza kwamba mwili ukikauka, ubongo nao husinyaa kidogo, na kompyuta husoma kusinyaa huko kama upungufu.

"Kwa hiyo si ugonjwa?" akauliza mume.

"Sijasema hivyo. Huenda ni maji. Huenda ni ugonjwa. Huenda ni vyote viwili, na kwa picha moja siwezi kuvitenganisha. Picha ijayo aje amekunywa."

Msomaji atauliza kwa nini hakupigwa picha nyingine kesho yake. Mradi unalipia mbili kwa mwaka kwa kila mtu, na nje kuna foleni ya wiki saba. Shemeji alijitolea kumpiga kimyakimya baada ya kazi. Mama Sumaku alikataa. Barua moja ya onyo inamtosha, alisema, na dakika arobaini za mashine ni za mtu fulani aliyezisubiri. Akachagua kungoja miezi sita pamoja na hofu yake. Mwandishi si shujaa. Yeye angekubali jioni ileile.

Miezi sita hiyo inakwisha leo.

Saa nne asubuhi anaketi kwenye benchi la wagonjwa na chupa ya nusu lita. Anakunywa taratibu, kama anayemeza dawa chungu, akitazama mlango wa msalani ulio hatua kumi na moja kutoka hapo. Amezihesabu.

"Nikitoka humo na jibu ni lilelile, basi si maji," anasema. "Ni mimi ninayeisha." Anaishika chupa kwa mikono miwili. "Naogopa kusahau sura za wanangu. Nikwambie ukweli, hata kazi siifikirii. Ni zile sura. Hata binti yangu nimemwambia."

Saa sita kamili anavua sare. Kwenye gauni la wagonjwa anaonekana mfupi. Shemeji anamuuliza maswali yote kama mgeni: una chuma mwilini, umefanyiwa upasuaji, umekwenda haja ndogo? Anajibu yote kama mgeni. Kabla hajalala anamshika mkono.

"Leo usiseme yale maneno," anamwambia. "Lolote utakaloona. Nakuomba, mdogo wangu."

"Sitasema, dada."

Kofia ya plastiki yenye matundu inafungwa juu ya uso wake, kitanda kinaingia, na miguu yake miwili tu ndiyo inayobaki kuonekana kupitia kioo. Mashine inaanza kugonga. Shemeji haongei. Kijasho chembamba kimemtoka juu ya mdomo, ingawa chumba kina baridi ya kumgonganisha mtu meno. Dakika tano. Kumi. Kumi na tano. Vidole vya miguu vinaanza kusuguana.

Dakika ya kumi na tisa kengele inalia. Ameuminya mpira.

Shemeji anaruka kutoka kitini akidhani ni balaa. Kitanda kinatoka, kofia inafunguliwa, na Mama Sumaku ananyanyuka na uso umemwiva.

"Msalani," anasema. "Haraka!"

Zile hatua kumi na moja anazipiga kwa nne. Mlango unajibamiza. Kisha, kutoka ndani ya msala wa hospitali, inasikika sauti ya mwanamke mzima akicheka peke yake, kicheko kirefu ambacho mwishoni hakieleweki tena kama ni kicheko.

Anarudi na macho mekundu. "Haya," anasema akijilaza, "huyu naye."

Kichwa kinapangwa upya, mstari kwa mstari, kama kilivyokaa mara zote sita. Kazi inaendelea mpaka mwisho. Hapo Shemeji anautazama mkono wake, anakitazama kipaza sauti, na kila aliye chumbani anajua anachopambana nacho. Picha iliyokatizwa ilikuwa haijakamilika. Lazima irudiwe, na lazima aambiwe asijitikise.

Anabonyeza. "Dada, narudia ile uliyoikatiza kwenda msalani. Ni hiyo tu. Nakwambia ninachofanya na sababu yake."

Sauti ya Mama Sumaku inatoka kwenye spika, nyembamba: "Asante."

Alhamisi mchana daktari anawaita wote watatu: mke, mume na yule binti, aliyekataa kwenda shule. Wamemruhusu mwandishi akae pembeni. Binti ameushika mkono wa kushoto wa mama yake, ambao siku hizi hufa ganzi, na anaubinya kila mara kama anayehakikisha kwamba bado upo.

Daktari hapotezi muda. Ubongo umerudi karibu kabisa pale ulipokuwa mwaka jana. Sehemu kubwa ya upungufu ule ilikuwa kiu.

Mume anafunika uso kwa mikono yake yenye grisi. Lakini Mama Sumaku hajasogea. Anamwangalia daktari usoni, na amezisoma nyuso kwa miaka kumi na sita.

"Sema na lingine," anasema.

"Kuna doa jipya. Moja, dogo. Halikuwepo miezi sita iliyopita."

Ndani ya chumba kile hofu ilikuwa imeanza kufunga virago, na sasa inakaa tena kitini. Daktari anaeleza kwamba dawa ya sasa haitoshi, kwamba itabadilishwa iwe yenye nguvu zaidi, kwamba mradi utailipia mpaka utakapofungwa mwakani. Baada ya mwakani hasemi.

"Liko wapi?" anauliza binti. "Hilo doa. Ni mahali pa sura?"

Daktari haelewi swali. Mama yake analielewa, na ndipo anapolia, kwa mara ya kwanza mbele ya mtoto.

"Hapana, mwanangu," anasema. "Sidhani. Bado nakuona."

Ijumaa saa tatu asubuhi yuko kazini. Kwenye benchi la wagonjwa kuna kitu kipya, jagi la maji lenye kifuniko na vikombe, na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: wenye picha za mradi wanywe, na anayetaka kwenda haja katikati aminye mpira bila aibu. Mpango wake ni kuendesha mashine kwa kadiri mkono wa kushoto utakavyomruhusu. Siku utakapogoma, anataka kufundisha. Ameshaandika somo la kwanza, anasema, na somo la pili amelifuta ili aliandike upya.

Anayelala kwenye mashine saa hiyo ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka thelathini hivi. Jicho lake la kulia limefifia kwa wiki mbili; yeye anasema ni vumbi la chaki. Mama Sumaku alipoisikia sababu hiyo alimfunga kofia polepole kuliko kawaida.

Dakika ya kumi na mbili mkono wake unasimama juu ya kompyuta. Mwandishi hakuonyeshwa kilichokuwa kwenye picha, na hata angeonyeshwa asingekielewa. Aliuona mkono tu, na Shemeji akiinua macho.

Mama Sumaku anabonyeza kipaza sauti. "Mwalimu, tulia hivyo hivyo. Kuna sehemu nataka ionekane vizuri zaidi. Naongeza picha moja."

"Kuna nini?" inauliza sauti kutoka ndani.

Kidole kinaachia kitufe. Jibu la miaka kumi na sita liko tayari mdomoni, maneno mawili tu. Analimeza. Anabonyeza tena.

"Sijui bado. Daktari ndiye atakayesoma, naye atakwambia. Mimi niko hapa, mama. Sitoki mpaka utoke."

Anangoja mpaka asikie "haya" kutoka ndani, ndipo anawasha. Mashine inaanza kugonga. Anaivuta chupa yake ya maji karibu, anaifungua kwa mkono wa kulia, na anakunywa.